Jinsi ya Kuandika Filamu ya Vichekesho vya Kifamilia Kuhusu Mzazi Anayerejea Baada ya Miaka Mingi

Anayefahamu Injili ya Luka, sura ya 15, anaijua hadithi ya mwana mpotevu: kijana anatapanya mali, anarudi akiwa hana kitu, na baba yake anamkimbilia angali mbali. Filamu tunayotaka kuiandika hapa inaigeuza hadithi hiyo juu chini. Aliyepotea ni mzazi mwenyewe, na wanaopaswa kuamua kama watamkimbilia au watamfungia mlango ni watoto, ambao hawakumwomba aondoke wala hawakumwomba arudi. Mgeuko huo ndio unaoifanya kazi hii iwe ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mzazi anaweza kutarajiwa kumpokea mwanawe, lakini mtoto hana deni kama hilo kwa mzazi aliyemwacha.

Ugumu wa pili ni kwamba tunataka watu wacheke, tena wacheke wakiwa wameketi pamoja, mkubwa kwa mdogo, na huenda miongoni mwao yumo mtu ambaye mzazi wake hakurudi kamwe. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja ambayo nitaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho: kicheko kitokane na yale ambayo mzazi hayajui kwa sababu hakuwapo, na kisitokane hata mara moja na maumivu ya walioachwa. Asiyekuwapo na lake halipo, na vichekesho vya filamu hii vyote vimo ndani ya methali hiyo.

Hatua ya 1: Andika kuondoka kabla hujaandika kurudi

Kabla ya onyesho la kwanza, andika kurasa mbili au tatu ambazo mtazamaji hataziona, zinazoeleza siku mzazi alipoondoka. Ziandike mara tatu. Mara ya kwanza andika jinsi ilivyotokea kweli. Mara ya pili andika jinsi mzazi mwenyewe anavyojisimulia usiku ili apate usingizi. Mara ya tatu andika jinsi watoto walivyoelezwa na mtu mzima aliyebaki nao, ambaye huenda alisema uongo mdogo kwa nia njema, kisha akalazimika kuutunza uongo huo mwaka baada ya mwaka. Masimulizi haya matatu hayatafanana, na pale yanapogongana ndipo utakapopata maonyesho yako bora, kwa kuwa kila mmoja ataingia sebuleni akiwa na ushahidi wake na hakuna anayedanganya kwa makusudi.

Chagua kosa kwa uangalifu. Kwa maoni yangu, mzazi aliyewapiga au kuwaumiza watoto wake hafai kuwa kiini cha filamu ya namna hii. Hadithi yake inastahili kuandikwa, lakini si kwa mkono wa vichekesho, kwa sababu utamlazimisha mtazamaji kumpenda mtu ambaye mwili wake unamwambia amwogope. Kosa linalofaa ni la udhaifu: deni alilolificha, kazi aliyoipoteza na hakuthubutu kuisema, ndoa iliyovunjika akakimbia na watoto wakawa gharama ya mbio zake. Kati ya yote, aibu ndiyo sababu ninayoipendelea, kwa kuwa hukua yenyewe bila kulishwa. Aliyechelewa kurudi kwa wiki moja ana maelezo machache ya kutoa. Aliyechelewa kwa mwezi anahitaji maelezo makubwa zaidi. Na kadiri anavyosubiri apate maelezo ya kutosha, ndivyo yanavyozidi kuwa haba. Mtazamaji huielewa hesabu hiyo mara moja, hata kama hakubali kumsamehe.

Iwapo anayerejea ni mama, kumbuka kwamba watazamaji wengi humhukumu mama aliyeondoka kwa ukali zaidi kuliko baba aliyefanya jambo lile lile. Usikwepe ukali huo. Mpe mhusika mmoja ndani ya filamu auseme kwa sauti, halafu mama ajibu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umri, kisha hesabu ya kumbukumbu

Tuseme mzazi ni baba, ameondoka kwa miaka 11, na ana watoto watatu. Kifunguamimba alikuwa na miaka 8 na sasa ana 19. Wa kati alikuwa na miaka 5 na sasa ana 16. Kitindamimba alikuwa na miaka 2 na sasa ana 13. Waandishi wengi huishia hapo, wakadhani wamekwisha kupata watoto watatu wenye hasira moja. Kumbukumbu haifanyi kazi hivyo. Watu wazima kwa kawaida hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka 3 hivi, na ya miaka michache inayofuata huyakumbuka vipande vipande. Kwa hiyo, watoto hawa watatu hawakuachwa na baba mmoja, bali na baba watatu tofauti.

Kifunguamimba anamkumbuka mtu kamili: sauti yake, kicheko chake, ahadi alizotoa na tarehe zake. Yeye ndiye mwenye kesi, na kesi yake ina ushahidi. Wa kati anakumbuka vipande, mkono mkubwa ulioshika mkono wake, wimbo usio na maneno, na hajui vipi ni vya kweli na vipi amevijenga kutokana na picha. Kwa hiyo ana hamu ya kuuliza, na anaionea haya hamu hiyo mbele ya kaka yake. Kitindamimba hana kumbukumbu yoyote. Kwake huyu ni mgeni mwenye masikio yanayofanana na yake. Hana kinyongo, na ndiyo maana atasema mambo ambayo wengine hawawezi kuyatamka. Mara nyingi yeye ndiye atakayebeba vichekesho vyako vikubwa bila hata kujua kwamba anachekesha.

Hapo hapo amua watamwitaje. Neno “baba” ni mali ya thamani kubwa katika filamu hii na halipaswi kutapanywa. Kifunguamimba amwite “yeye”, hata akiwa amesimama mbele yake. Wa kati akwepe kumwita chochote, ajenge sentensi zake zote pasipo jina, jambo linalochosha na kuchekesha pia akihitaji kumwita kutoka chumba kingine. Kitindamimba awaambie ndugu zake, “Baba yenu anaita.” Sentensi hiyo ya maneno matatu inachekesha na kuuma kwa pamoja, na ukiweza kuandika nyingine tano za kiwango hicho umepata filamu.

Hatua ya 3: Amua kwa nini amerudi leo na si mwaka jana

Mzazi anayerudi kwa sababu tu amewakumbuka watoto hana mwendo. Mpe sababu ya dharura yenye tarehe ya mwisho, na uifiche chini ya sababu nyingine anayoitaja mlangoni. Labda anahitaji saini ya familia ili nyumba iuzwe. Labda binti yake anaolewa baada ya wiki mbili. Labda amemwahidi mtu kwamba ana familia inayompenda, na mtu huyo anakuja kuiona. Katika The Royal Tenenbaums, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Wes Anderson, baba hujifanya ana kansa ya tumbo ili aruhusiwe kuishi tena na watu wake. Uongo wa aina hiyo huisukuma hadithi vizuri kwa sababu kila wema anaotendewa anaupokea kwa njia isiyo halali, na kadiri wema unavyozidi ndivyo siku ya kuumbuka inavyokuwa mbaya. Lakini si lazima uongo uwe mkubwa kiasi hicho. Uongo mdogo unaotunzwa kwa bidii kubwa huchekesha zaidi kuliko uongo mkubwa unaotunzwa kwa urahisi.

Sharti ni moja: uongo ugunduliwe, na agundue yule aliyekuwa ameanza kumwamini.

Hatua ya 4: Chora ramani ya nyumba iliyoendelea bila yeye

Chukua karatasi uandike kazi zote ambazo mzazi alikuwa akizifanya nyumbani, kisha mbele ya kila moja uandike jina la anayeifanya sasa. Nani anafunga madirisha usiku? Nani anaua mdudu aliyeingia bafuni? Nani anatia saini karatasi za shule, nani anakwenda kwenye kikao cha wazazi, nani anajua kidonge gani kinamletea kitindamimba vipele? Kila jina utakaloliandika ni mtu aliyeziba pengo, na kila mtu aliyeziba pengo ana haki ya kukasirika pengo lenyewe linaporudi likidai nafasi yake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na ramani hii itakuonyesha waziwazi nani alilea.

Ikiwa mama ameolewa tena, nakusihi usimfanye baba wa kambo kuwa mpumbavu au mkatili. Ni njia ya mkato inayoharibu filamu nzima, kwa sababu inamfanya baba mzazi ashinde bila kufanya kazi. Mfanye awe mtu mwema, mwenye utaratibu, anayechosha kidogo, aliyejifunza kusuka nywele za binti asiye wake. Hapo baba mzazi atakuwa na mpinzani ambaye hawezi kumchukia, na vichekesho vitatokana na wanaume wawili wanaogombania kuwa waungwana.

Hatua ya 5: Tafuta kicheko katika kutojua

Sasa tumefika kwenye kiini. Mzazi anarudi akiwa na ujuzi kamili wa nyumba ambayo haipo tena. Anajua kikombe kinakaa kabati gani, ngazi ipi inalia ikikanyagwa, utani upi unamchekesha nani, na kila kitu anachokijua kimepitwa na wakati. Usitafute vichekesho mahali pengine kabla hujakimaliza kisima hiki. Tazama onyesho hili fupi, lililojengwa juu ya mlango ambao zamani ulikuwa unakwama:

NJE. MLANGONI – JIONI

Baba (48) anabisha hodi. Sauti kutoka ndani inamwambia aingie. Anaweka mkoba chini, anashika kitasa, anakiinua kidogo, anarudi hatua moja nyuma, kisha anausukuma mlango kwa bega kwa nguvu zake zote.

NDANI. SEBULENI – JIONI

Mlango unafunguka bila kugoma hata kidogo. Baba anaingia nao, anaipita meza, anaangukia magoti mbele ya kochi. Binti (16) na Kitindamimba (13) wanamtazama.

BINTI
Ulitengenezwa.

BABA
Lini?

BINTI
Nilipokuwa na miaka 10.

Baba anaugeukia mlango. Anautazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

KITINDAMIMBA
(kwa dada yake)
Nani huyu?

Hakuna mtu katika onyesho hili anayejaribu kuchekesha. Baba anafanya jambo alilolifanya maelfu ya mara, kwa ustadi, na ustadi wenyewe ndio unaomwangusha. Neno “Lini?” ni swali la mtu asiyejua kwamba amejichimbia shimo, jibu lake linapima kutokuwapo kwake kwa miaka, na binti halitoi kama shutuma bali kama taarifa. Kisha anapiga magoti mbele ya watoto wake kabla hajaomba radhi, jambo ambalo hakulikusudia na ambalo mtazamaji ataligundua mwenyewe ukimwacha aligundue. Usimwandikie baba sentensi ya kulieleza.

Mlango huo sasa ni mali ya filamu na lazima urudi. Katikati ya hadithi, baba anayetamani kuonekana wa maana anaamua kuutengeneza ilhali hauna kasoro, na anapomaliza unakwama kama zamani. Familia nzima inaanza kugombana nao kila asubuhi. Baadaye, uongo wake ukishagunduliwa na yeye akishaondoka tena, tunamwona kitindamimba, ambaye hakuwa na kumbukumbu hata moja ya baba yake, akishika kitasa, akikiinua kidogo, akirudi hatua moja nyuma na kusukuma kwa bega. Mlango unafunguka. Ndugu zake wanamtazama. Tendo lile lile limetumika mara tatu, kwanza kuchekesha, pili kuudhi, tatu kuonyesha kwamba kitu fulani kimerithiwa, na hakuna aliyetamka neno “upendo”.

Kuhusu mipaka: mcheke anayejaribu, usimcheke anayeumia. Baba akiimba wimbo wa kumbembeleza mtoto kwa kijana wa miaka 16 mbele ya marafiki zake, tunamcheka baba. Binti akikimbilia chumbani kwa sababu wimbo huo ndio kipande pekee alichokitunza, kicheko kinakatika, na kamera ibaki naye pale kitandani bila mtu yeyote kuingia na kusema neno la kuchekesha. Mwandishi anayeogopa ukimya huo atatonesha kidonda kisha atakikimbia, na mtazamaji ataona.

Hatua ya 6: Panga kurasa

Katika mpangilio wa kawaida wa miswada ya filamu, ambao hutumia aina ya herufi iitwayo Courier yenye ukubwa wa 12, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Filamu ya vichekesho ya kifamilia hukaa vizuri ikiwa na kurasa 90 hadi 105. Tumia kurasa 10 za kwanza kuonyesha nyumba ikiwa inaendelea vyema bila mzazi, jambo ambalo wengi hulisahau. Tusipoona kwamba walikuwa salama, hatutaona anachokihatarisha. Abishe hodi kati ya ukurasa wa 10 na wa 12. Kufikia ukurasa wa 25 awe amepata ruhusa ya kukaa kwa muda maalumu na kwa masharti yaliyotajwa. Katikati, karibu na ukurasa wa 50, mpe siku moja nzuri kabisa, siku ambayo hata kifunguamimba anacheka kisha anajikasirikia kwa kucheka. Uongo ugundulike karibu na ukurasa wa 75. Zinazobaki ni za kuondoka kwa pili, msamaha unaoombwa, na mwisho.

Hatua ya 7: Andika onyesho la kuomba radhi bila utani

Kwa kurasa mbili au tatu, ondoa vichekesho vyote. Baba aseme alichofanya, kwa jina lake, bila kutanguliza sababu. Njia nzuri ya kulipima onyesho hili ni kufuta kila sentensi inayoanza na “lakini” au “kwa sababu” kisha kuangalia kilichobaki. Kama kimebaki kidogo sana, baba hajaomba radhi; amejitetea, na kifunguamimba atalijua hilo kabla ya mtazamaji.

Mtoto asijibu kwa hotuba. Ajibu kwa swali moja dogo, mahususi, ambalo amelibeba kwa miaka 11: “Siku ile ulisema utarudi kabla sijalala. Nililala saa ngapi?” Baba hajui. Hawezi kujua. Na jibu la kweli, “Sijui,” ndilo neno la kwanza la ukweli mtupu alilosema tangu afike. Kila mtoto apate onyesho lake kwa wakati wake, kwa kuwa kila mmoja aliachwa na baba wake. Kuwakusanya wote watatu chumba kimoja ili wasamehe kwa pamoja ni kuwanyima wawili haki yao.

Kicheko kirudi baadaye, na kirudishwe na mtoto. Baba akiwa wa kwanza kufanya utani, atakuwa anaomba aruhusiwe kusahau. Mtoto akiwa wa kwanza, atakuwa ametoa kitu.

Hatua ya 8: Chagua mwisho unaolingana na miaka iliyopotea

Kishawishi kikubwa ni kuwarudisha baba na mama pamoja. Yapo mazingira ambamo hilo linawezekana, lakini mara nyingi ni kukana kila kitu ulichokijenga, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Mrs. Doubtfire, iliyoongozwa na Chris Columbus na kutoka mwaka 1993, inaisha wazazi wakiwa hawajarudiana, baba akiwa amepata nafasi ya kuwaona watoto wake kila siku, na haijapungukiwa na furaha kwa sababu hiyo. Fikiria mwisho wako kama kiasi: miaka 11 haiwezi kulipwa kwa wiki mbili. Kinachoweza kupatikana ni ruhusa ya kuja Jumamosi. Kiti ambacho si cha kichwa cha meza. Nambari ya simu iliyoandikwa kwa mkono wa kifunguamimba, bila jina pembeni. Watoto nao wafike mahali tofauti: mmoja amsamehe, mmoja awe njiani, na mmoja abaki na haki ya kusema bado.

Neno “baba” ulilolitunza tangu Hatua ya 2 litumike mara moja, katika sentensi ya kawaida kabisa, na anayelisema asigundue kwamba amelisema. Anayesikia agundue, na aendelee kufanya alichokuwa akikifanya.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti, kisha kata

Wakusanye watu wanne au watano wausome mswada wote kwa sauti mbele yako, na wewe usisome nafasi yoyote. Shika kalamu ya rangi mbili: rangi moja weka alama pale walipocheka, nyingine pale walipopunguza sauti bila kuambiwa. Alama hizo zikikaa mbali mbali, sehemu za vichekesho upande mmoja na za huzuni upande mwingine, una filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Rudi Hatua ya 5. Ikiwa waigizaji wako ni watoto, kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi sheria huweka kikomo cha saa wanazoruhusiwa kufanya kazi kwa siku, hivyo usimwandikie kitindamimba kila ukurasa hata kama kila ukurasa unamtamani.

Mwisho, tafuta kila mahali ambapo mhusika anatamka maneno “nimekusamehe”, yafute, kisha mpe mhusika huyo kitu cha kufanya kwa mikono yake badala yake: asogeze kiti, ajaze kikombe cha pili, aache taa ya mlangoni ikiwaka.